Shimo jeusi linalotoa joto huzidi kuwa moto

Kitu cha kawaida kikitoa joto, hupoa. Shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki, hufanya kinyume, na asiyelishika hilo mapema hesabu zote za uvukizi (shimo kupoteza tungamo kwa kutoa mionzi) zitamchanganya.

Mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kuwa halijoto ya shimo jeusi hupungua kadiri tungamo lake linavyoongezeka. Kwa shimo lisilozunguka na lisilo na chaji, gawanya 1.23 × 10²³ kwa tungamo katika kilo; jibu ni kelvini. Lenye tungamo la Jua lina kelvini 0.00000006 tu.

Anga nalo limejaa mionzi ya mikrowevu yenye kelvini 2.7. Kwa hiyo shimo hilo kwa sasa linameza kuliko linavyotoa: linakua, na kwa kukua linapoa zaidi. Ile miaka 10⁶⁷ ya uhai wa shimo kama hilo inayotajwa kila mahali ni ya shimo lililo katika ulimwengu mtupu. Ili shimo lipungue leo, tungamo lake lisizidi kilo 4.5 × 10²², pungufu ya Mwezi.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni usawa. Liweke shimo ndani ya sanduku kubwa mno lenye mionzi ya halijoto ileile. Utadhani limetulia. Likimeza chembe moja ya ziada, linapoa, kisha linameza zaidi. Likitoa ya ziada, linapata moto na kutoa zaidi. Usawa huo hauwezi kudumu.

Punguza sanduku mpaka nishati ya mionzi iwe chini ya robo ya nishati ya shimo, na mambo yanabadilika. Nishati inayobadilisha halijoto kwa kelvini moja ni 4E/T kwa mionzi, na −Mc²/T kwa shimo; E ni nishati ya mionzi, T halijoto, M tungamo la shimo, c kasi ya mwanga, na Mc² ndiyo nishati ya shimo. Mionzi ikiwa kidogo, shimo likimeza, mionzi hupoa haraka kuliko shimo, na nishati inarudi ilikotoka.

Kuhusu muda, uhai hufuata tungamo kwa kipeo cha tatu. Kosa la kawaida ni kuhesabu fotoni (chembe za mwanga) peke yake. Kwa fotoni tu, shimo lililozaliwa pamoja na ulimwengu na kuisha leo lingeanza na kilo 1.7 × 10¹¹. Lakini shimo dogo hivyo lina moto wa kutosha kutoa elektroni na chembe nyingine pia, hivyo linaisha upesi zaidi. Jibu sahihi linakaribia kilo 5 × 10¹¹.