Kongo wa Portobelo si mtu wa Kinshasa

Mtu wa Portobelo akikwambia kuwa yeye ni kongo, usimwulize habari za Kinshasa wala Brazzaville. Anachokwambia ni kwamba yeye ni mchezaji wa ngoma, ni raia wa ufalme wa mchezo unaofufuka kila Januari, na ni wa ukoo wa watu waliowatoroka mabwana zao wakaenda kuishi msituni. Yote hayo yamebebwa na neno moja. Hapa nitawaita makongo, ili wasichanganywe na Wakongomani.

Portobelo ni mji mdogo wa pwani ya Karibi nchini Panama, katika mkoa wa Colón. Christopher Columbus alitia nanga kwenye ghuba yake mwaka 1502, akaipa jina lenye maana ya bandari nzuri, na jina likaganda. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1597 ukaitwa San Felipe de Portobelo, kwa heshima ya Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania. Kabla ya hapo Wahispania walikuwa wakitumia bandari jirani ya Nombre de Dios, ambayo ilikuwa wazi mno kwa upepo na kwa maharamia.

Kilichoupa mji huo umaarufu ni madini ya fedha. Yalichimbwa Peru na katika mlima wa Potosí, yakaletwa kwa meli hadi Panama upande wa Pasifiki, kisha yakapakiwa juu ya nyumbu (wale wa mizigo, si wa Serengeti) kuvuka msitu hadi upande wa pili, ambako meli za Hispania zilikuwa zikisubiri. Meli zilipofika ndipo soko kubwa lilipofunguliwa, na kwa majuma machache kijiji kilichokuwa kimelala kikageuka jiji. Padri Mwingereza Thomas Gage, aliyepita hapo mwaka 1637, aliandika kuwa kwa siku moja alihesabu nyumbu 200 waliobeba fedha tupu, na kwamba vipande vyake vilirundikwa barabarani kama marundo ya mawe. Aliona pia jinsi homa ilivyowafyeka wageni. Soko lilikuwa tajiri na hewa ilikuwa mbaya, na wafanyabiashara walijua mambo yote mawili kabla ya kufunga safari.

Ili kulinda mali hiyo zilijengwa ngome kuzunguka ghuba, na mawe yake mengi ni matumbawe yaliyokatwa baharini. Msomaji wa Lamu au Kilwa akiyaona yale magofu, yenye vitundu vidogovidogo na rangi ya kijivu iliyoungua, hatahitaji kuelezwa yametoka wapi. Ndani yake bado imo mizinga iliyoelekezwa majini.

Ngome hazikusaidia sana. Haramia Mwingereza William Parker aliuteka mji mwaka 1601. Henry Morgan, haramia mwingine, aliingia mwaka 1668 na watu wasiofika 500 na akaondoka na fidia ya peso 100,000. Kitabu kimoja cha zama zile kilidai kuwa aliwatanguliza mapadri na masista mbele ya watu wake wawe ngao. Morgan aliwashitaki London wachapishaji wa kitabu hicho na akalipwa. Admirali Edward Vernon wa Uingereza akaja mwaka 1739 na meli sita, na ushindi wake ukawapandisha Waingereza kichwa kiasi cha kuita mashamba na mitaa yao kwa jina la mji huo. Barabara ya Portobello pale London, yenye soko la vitu vya kale, jina lake linatoka huku. Baada ya hapo Hispania iliacha utaratibu wa masoko yale, meli zikazoea kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, na Portobelo ikasahauliwa.

Hiyo ndiyo historia inayopatikana katika vitabu vingi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu iliyochoka. Nusu nyingine ni ya waliowaongoza wale nyumbu, waliobeba yale matumbawe, waliopika na kufua wakati wa soko. Wengi wao walikuwa watumwa kutoka Afrika. Na wengi walitoroka.

Wahispania waliwaita *cimarrón*. Neno hilo lilianza kutumika kisiwani Hispaniola kwa mifugo iliyovunja zizi ikakimbilia milimani, kisha likahamishiwa kwa watu. Sisi tunalo neno linalolingana nalo vizuri, ila tumelisahau maana yake nzito: mtoro. Leo mtoro ni mtoto anayekwepa shule. Lakini katika karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya minazi na nafaka wakajenga vijiji vyao wenyewe, kama kile cha Fuladoyo bara ya Malindi, wakavilinda kwa silaha. Mtoro wa Panama alikuwa mtu wa namna hiyohiyo. Kijiji chake kilichozungushiwa boma la miti kiliitwa *palenque*.

Katika miaka ya 1550 watoro wa mashariki ya Panama waliongozwa na mfalme aliyeitwa Bayano. Wahispania walishindwa kumpata vitani, wakampata kwa hila ya urafiki. Leo mto mkubwa wa eneo lile unaitwa Bayano, wakati jina la nahodha aliyemkamata, Pedro de Ursúa, linajulikana zaidi na wasomaji wa historia.

Kwa upande wa Portobelo, kiongozi aliyefanya mapatano na Wahispania mwaka 1579 ameandikwa katika kumbukumbu zao kama Luis de Mozambique, yaani Luis wa Msumbiji. Hapo msomaji wa Kiswahili asimame kidogo. Wakati huo Msumbiji halikuwa jina la nchi. Lilikuwa jina la kisiwa, mji wa biashara wa Waislamu wa pwani kabla Wareno hawajaukalia mwanzoni mwa karne ya 16, na inasemekana jina lenyewe limetokana na mtawala wake, Musa bin Mbiki. Mtu aliyebeba jina la bandari ya Bahari ya Hindi alikuwa mfalme wa watoro kwenye Bahari ya Karibi miaka 18 kabla mji wa Portobelo haujaanzishwa. Mapatano yake yalizaa mji wa Waafrika huru, Santiago del Príncipe, karibu na Nombre de Dios. Ni miongoni mwa miji ya kwanza ya namna hiyo katika Amerika yote.

Watu hawa hawakuwa wa kuvutwa pua na mtu. Mwaka 1573 watoro wa Panama walishirikiana na haramia Mwingereza Francis Drake kuteka msafara wa nyumbu wenye fedha ya mfalme, kwa sababu kumwumiza Mhispania lilikuwa jambo jema. Drake aliporudi mwaka 1596, watu wa Santiago del Príncipe walikuwa wameshapata uhuru wao kwa maandishi, nao wakapigana naye. Majuma machache baadaye Drake alikufa kwa kuhara damu melini, na mwili wake ukazamishwa nje ya ghuba ya Portobelo ndani ya jeneza la risasi.

Sasa turudi kwenye neno. Kwa nini kongo? Katika daftari za wauza watumwa, kongo, angola na mengine kama hayo yalikuwa majina ya kubandika: aliyepakiwa kwenye pwani fulani alipewa jina la pwani ile, hata kama alitembezwa kwa miezi kutoka bara. Waafrika walioletwa Panama walitoka sehemu nyingi, kuanzia Senegambia hadi Angola. Jina moja la daftarini likachukuliwa na watu wenyewe, likawafunika wote, na mwishowe likawa jina la mchezo wao.

Mchezo huanza tarehe 20 Januari, siku ya Mtakatifu Sebastian, na kuisha Jumatano ya Majivu. Kipindi hicho kijiji huwa na ufalme. Yuko mfalme, Juan de Dios, anayecheza na kulinda, lakini mwenye amri ni malkia. Yuko Pajarito, yaani Kidege, mpelelezi anayetangulia kutazama kama hatari inakuja. Wanawake huimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, wanaume wakipiga ngoma. Bendera ya ufalme ni nyeusi na nyeupe. Mgeni anayepita huweza kuzuiwa njiani kwa kamba na kutozwa sarafu kabla ya kuachiwa. Ni mateka wa dakika mbili, na kila mtu hucheka isipokuwa asiyeelewa kwamba anachezewa kipande cha historia.

Mtazame kongo mwanamume kwa karibu. Koti lake amelivaa nje ndani: mishono inaonekana, mifuko inaning'inia kama masikio, bitana iliyochanika iko juani. Uso umepakwa masizi. Kichwani ana kofia iliyochongoka, imebandikwa manyoya, shanga na vioo vidogo. Kiunoni au begani amejifunga kamba yenye chupa tupu, mwanasesere mchakavu, chochote alichookota. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mabwana waliwapa watumwa nguo zao kuukuu wakati wa sikukuu, nao wakazivaa kwa kuzigeuza. Shukrani na dhihaka katika vazi moja. Bwana akiuliza, jibu lipo: si umenipa, nami nimevaa?

Maneno nayo hugeuzwa. Makongo wana lugha yao ya msimu, Kihispania kilichovunjwavunjwa na kupinduliwa, ambamo jambo husemwa kwa kinyume chake. Waswahili wa zamani walikuwa na mchezo ulioitwa hivyohivyo, kinyume, wa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni ili wasioambiwa wasielewe. Tofauti ni kwamba sisi tuligeuza silabi na wao waligeuza maana, lakini haja ilikuwa ileile: kusema mbele ya mtu bila kumwambia.

Kwa hiyo kongo, kwa ufupi, ni mtoro aliyegeuzwa kuwa mchezo. Kila alama yake, koti, usemi, kamba njiani, inachukua kitu cha bwana na kukipindua. Ndiyo maana naona hiyo ndiyo nembo halisi ya Portobelo, kuliko mizinga inayopigwa picha na watalii. Shirika la UNESCO liliziorodhesha ngome za Portobelo na ile ya San Lorenzo kuwa urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 2012 likaziingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mvua, chumvi na uangalizi hafifu vilikuwa vinazila. Utamaduni wa makongo ulisubiri hadi mwaka 2018 kutambuliwa. Mawe yaliwatangulia watu kwa miaka 38, ingawa ni mawe yanayobomoka.

Ipo alama nyingine ya mji, nayo haitaki kuachwa. Katika kanisa la San Felipe, lililokamilika mwaka 1814, imo sanamu ya Yesu mweusi aliyebeba msalaba. Wenyeji humwita Mnazareti, na wengi hufupisha wakasema Naza tu, kama wanavyomwita jirani. Hadithi maarufu inasema meli iliyombeba ilijaribu kuondoka bandarini mara kadhaa, kila mara dhoruba ikairudisha, mpaka sanduku lilipoachwa ndipo bahari ikatulia. Tarehe 21 Oktoba maelfu ya mahujaji hufika, wengi kwa miguu kutoka miji ya mbali, wamevaa zambarau. Wengine humalizia mwendo wakitambaa kwenye lami, huku wenzao wakiwadondoshea nta ya moto mgongoni kutimiza nadhiri. Usiku sanamu hutolewa nje, na wanaoibeba huenda hatua tatu mbele na mbili nyuma, kwa hiyo mzunguko wa mji mdogo huchukua saa nyingi.

Naza ana Oktoba yake, na makongo wana msimu wao. Siku za mwisho za kanivali, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, huingia mashetani, wamevaa nyekundu na nyeusi, na vinyago vyenye pembe na meno, mijeledi mikononi. Shetani Mkuu ndiye bwana mwenye watumwa. Huwachapa makongo miguuni, kweli kweli, nao hujikinga kwa fimbo na kuruka. Jumatano ya Majivu mambo hugeuka kwa mara ya mwisho. Malaika humzingira Shetani, humshika, humvua kinyago na kumbatiza, kisha humpitisha mtaani kumtafutia mnunuzi. Watu humzunguka, wakapatana bei, na bwana akauzwa.