Dunia Hujirekebisha, ila Haina Haraka

Katika miaka ya 1960, mwanasayansi Mwingereza James Lovelock alifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, lililotaka kujua kama Mirihi ina uhai. Yeye aliona si lazima kwenda kuchimba udongo wa huko. Hewa yake ingetosha kujibu. Hewa ya Mirihi karibu yote ni hewa ukaa, imetulia tu. Yetu ina oksijeni asilimia 21, na humohumo mna methani, gesi ambayo huharibiwa hewani kwa muongo mmoja hivi. Kama haijaisha, basi kuna wanaoizalisha kila siku: vijidudu vya kwenye vinamasi, na vile vya matumboni mwa ng'ombe na mchwa.

Miaka ya 1970, yeye na mwanabiolojia Lynn Margulis wakatoa hoja kwamba viumbe, hewa, bahari na miamba ni mfumo mmoja unaojidhibiti. Wakauita Gaia, jina la mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Kwa maoni yangu jina hilo liliwaponza, maana wengi walielewa kwamba Dunia ina akili na nia.

Haihitaji nia. Tangu Dunia ilipoumbika, miaka bilioni 4.5 iliyopita, mwanga wa Jua umeongezeka kwa karibu theluthi moja, na bado bahari zipo. Sababu mojawapo kubwa ni mvua. Mvua hubeba hewa ukaa, ikawa asidi hafifu inayomung'unya miamba, na mito ikapeleka madini baharini. Huko matumbawe, kome na viumbe wadogo mno huyafanya magamba, ambayo baadaye huwa mawe ya chokaa. Joto likizidi, kazi hii huenda kasi na hewa ukaa, ambayo ndiyo hutunza joto, hupungua. Baridi ikizidi kazi hulegea, huku volkano zikiendelea kutoa gesi hiyo. (Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe, yaani hewa ukaa iliyofungwa. Yachome tanurini upate chokaa, na hewa ukaa hiyo inarudi angani.)

Mfumo huu umewahi kuyumba: miaka milioni 700 hivi iliyopita, barafu ilifika karibu na ikweta. Tena marekebisho yake huchukua maelfu kwa maelfu ya miaka, ilhali sisi tumepandisha hewa ukaa kutoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 katika kila milioni kwa karne mbili na ushei. Takriban robo ya tunayotoa humezwa na bahari, ambayo asidi yake inaongezeka, na matumbawe yanazidi kupata shida kujenga magamba yaleyale.