"Si walihamishwa tu?" Tuelewane kuhusu Waarmenia wa 1915

Kila mwezi wa nne dawati letu la elimu kwa umma linajaa. Tarehe 7 tunakumbuka Rwanda, tarehe 24 Waarmenia popote walipo wanakumbuka wenzao waliokufa 1915 chini ya Dola ya Osmani, iliyotawala Uturuki ya leo na jirani zake, na watu wakishasikia hizo mbili zimefuatana karibu karibu hivyo maswali yanaanza, meseji, simu, wengine wanakuja mpaka ofisini hapa Arusha. Mwaka huu swali moja limenirudia mpaka nimeona niandike: "Sasa hao Waarmenia si walihamishwa tu, kwa sababu ya vita?" Wanaouliza hawana ubaya, wengi ni wanafunzi na walimu, wamelikuta mahali wakalichukua lilivyo. Ila jibu lake liko kwenye makaratasi, na kazi yangu ni makaratasi, kwahiyo nitajibu kwa makaratasi.

Kwanza la kiofisi. Taasisi yetu haina mamlaka ya kuhukumu nchi yoyote. Serikali ya Uturuki hailikubali neno kimbari (yaani kuangamiza kundi la watu kwa makusudi) kwa yaliyotokea 1915, inasema vilikuwa vifo vya vita, njaa na magonjwa vilivyogusa pande zote, na msimamo huo tunauandika kwenye kila jibu rasmi tunalotoa. Watafiti wengi wa mauaji ya halaiki wanasema ni kimbari. Idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia 600,000 mpaka milioni 1.5, kutegemea nani anahesabu na anahesabu kuanzia lini mpaka lini. Hayo yameshaandikwa, sasa twende.

Waarmenia walikuwa jamii ya Kikristo ndani ya Dola ya Osmani, yenye kanisa lake na kodi zake. Nigusie tu kwamba 1915 haikudondoka kutoka juu. Mkataba wa Berlin wa 1878, kifungu cha 61, ulimtaka Sultani afanye mageuzi kwenye majimbo waliyokuwa wanaishi Waarmenia na awalinde, mageuzi hayakufanyika, na kati ya 1894 na 1896 chini ya Sultani Abdul Hamid II wakauawa kwa makumi ya maelfu, wapo wanaohesabu mpaka laki tatu. Urfa, Desemba 1895, watu walikimbilia kanisani wakachomwa humo humo ndani, karibu 3,000. Adana 1909, mauaji tena. Kwahiyo mtu akiniambia "waliishi vizuri mpaka walipoanza kuisaidia Urusi", jamani, hapana. Someni tarehe.

Sasa 1915. Ni katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waosmani wanapigana na Urusi. Januari jeshi la Enver Pasha, waziri wa vita, limeshapigwa vibaya Sarıkamış, mpakani mwa Urusi, kwa baridi na kwa Warusi, na lawama zikaelekezwa kwa Waarmenia. Februari askari wa Kiarmenia waliokuwa kwenye jeshi hilo hilo la Osmani wakanyang'anywa silaha wakapelekwa vikosi vya vibarua, kuchimba barabara na kubeba mizigo, na wengi wakaja kuuawa huko huko. Usiku wa tarehe 24 Aprili pale Istanbul wakakamatwa waandishi, madaktari, mapadri, walimu, zaidi ya 200. Ndiyo maana kumbukumbu ni tarehe hiyo. Tarehe 27 Mei ikatoka sheria ya muda ya kuhamisha watu, na ukiisoma haitaji hata jina la Waarmenia, inasema tu makamanda wanaruhusiwa kuhamisha wakazi wa vijiji na miji kwa sababu za kijeshi au wakishukiwa usaliti. Hapo ndipo wengi wanaishia kusoma. Karatasi inasema kuhamisha, basi walihamishwa, faili limefungwa.

Faili halifungwi hivyo. Sisi tunaoshika hati za kesi hizi tunafundishwa kuangalia amri ilisema nini na baada ya amri kilifanyika nini, sehemu ngapi, kwa mpangilio gani. Kama ilikuwa kuondoa watu karibu na mapigano, mbona walihamishwa Waarmenia wa Bursa na İzmit, ambako ni jirani na Istanbul kabisa na mbali mno na mstari wa Warusi? Mbona wa Ankara? Mbona sehemu nyingi wanaume walitenganishwa kwanza, wakafungwa kamba, wakatolewa nje ya mji na wasirudi, halafu ndiyo wanawake, wazee na watoto wakaanzishiwa safari ya miguu kwenda jangwa la Syria, Ras al-Ayn, Deir ez-Zor, sehemu ambazo hakuna aliyewaandalia nyumba wala chakula wala maji? Na waliofika hai Deir ez-Zor, 1916 wakaanza kuuawa upya. Huwezi kusema unamhamishia mtu mahali halafu ukamuua amefika.

Hapa kwenye mali nitakaa kidogo, naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo nia inapoonekana wazi kuliko kwenye hotuba yoyote. Tarehe 10 Juni 1915 ulitoka mwongozo wa "mali zilizoachwa". Unaunda kamati: mwenyekiti na wajumbe wawili, mmoja wa utawala na mmoja wa fedha. Kamati inaingia nyumba ya aliyeondolewa, inaorodhesha kila kitu kwa jina la mwenyewe, vitu vya kanisa vinaandikwa peke yake, vinavyooza na mifugo vinapigwa mnada, hela inawekwa hazina kwa jina la mwenye mali, nyumba wanapewa wahamiaji wa Kiislamu waliofukuzwa Balkan. Mpaka hapo mtu angesema wanamtunzia. Halafu tarehe 26 Septemba ikaja sheria ya pili, ya kufilisi: mwenye madai yoyote juu ya mali ile alete ndani ya miezi miwili kama yuko nchini, minne kama yuko nje. Miezi miwili! Mwenye nyumba yuko jangwani anatembea bila viatu, au yuko mtoni ameshakufa, na ofisi inamsubiri aje kaunta na hati yake. Seneta mmoja wa Kiosmani, Ahmed Rıza, alisimama bungeni kwao kupinga, akasema mali haiwezi kuitwa imeachwa wakati wenyewe wametolewa kwa nguvu. Hoja hiyo aliitoa Mturuki, kule kule Istanbul, wakati ule ule.

Na jinsi ilivyokuwa mtaani tunaye shahidi, Leslie Davis, konsuli wa Marekani pale Harput, mji wa mashariki mwa dola. Watu walitangaziwa siku chache tu za kuondoka, wakatoa vitu barabarani kuuza. Davis anaandika kwamba cherehani iliyonunuliwa dola 25 ilikuwa inauzwa senti 50, zulia la thamani halifiki dola moja. Ukimjua fundi cherehani yeyote utaelewa maana ya kuuza cherehani kwa bei hiyo, ni mtu anayejua kwamba kesho hana kazi, hana nyumba, na pengine hana kesho. Baadaye Davis huyo huyo alipanda farasi akaenda ziwa Göljük, karibu na hapo, akakuta maelfu ya maiti kwenye mabonde ya pembeni ya ziwa.

Lingine linalonichosha, samahani nitasema wazi, ni "hiyo ilikuwa Waislamu na Wakristo". Ndugu zangu, hasa ninyi mnaolisema kwa kuona aibu na ninyi mnaolisema kwa kulaumu, wote acheni. Waliopanga walikuwa watu wa chama kilichokuwa kinatawala, Kamati ya Muungano na Maendeleo, Talat akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na walioendesha kazi chafu walikuwa kikosi maalumu cha chama hicho. Celal Bey, Mwislamu, akiwa gavana wa Aleppo alikataa, akahamishiwa Konya, huko nako akazuia Waarmenia wasipelekwe mpaka akaondolewa kazini. Hüseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lice, alikataa akauawa kwa kukataa. Sharif Hussein, mtawala wa Makka, aliandika kuagiza Waarmenia walindwe kama mtu anavyojilinda mwenyewe, watoto wake na mali yake. Familia za Waarabu na Wakurdi wa Dersim ziliwaficha watu majumbani. Wapo waliochochewa kwa jina la dini, ni kweli, lakini dini yenyewe haikutoa ile amri.

Sasa sheria. Neno lenyewe, kwa Kiingereza genocide, liliundwa 1944 na Raphael Lemkin, mwanasheria wa Poland, na alishasema mwenyewe kwamba kilichomsukuma tangu ujana ni hawa Waarmenia, akijiuliza mbona kuua mtu mmoja ni kosa na kuua watu milioni hakuna wa kukuuliza. Kwahiyo anayesema "1915 neno halikuwepo" ajue neno limetokana na kitendo hicho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 kuhusu kimbari unataka nia ya kuangamiza, lote au sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, na unataja vitendo vitano: kuua, kudhuru vibaya mwili au akili, kuwawekea watu hali ya maisha iliyopangwa iwamalize, kuzuia wasizae, na kuchukua watoto kwa nguvu kuwapeleka kundi jingine. Kimoja tu kinatosha kama nia ipo. Sio lazima vyote vitano, naulizwa hili kila wiki. Hapa hapa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba kule Rwanda, alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa kimbari na mahakama ya kimataifa, na adhabu ikawa kifungo cha maisha, maana mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo.

Wa 1915 je? Mahakama ya kijeshi ya Waosmani wenyewe ilikaa Istanbul. Kemal Bey, mkuu wa wilaya ya Boğazlıyan, alinyongwa Aprili 1919. Tarehe 5 Julai 1919 viongozi wa chama kile, Talat, Enver, Cemal na Dk. Nazım, walihukumiwa kifo bila wao kuwepo, walishatoroka tangu Novemba 1918. Mkataba wa Sèvres wa 1920, kati ya Waosmani na walioshinda vita, kifungu cha 230, ulidai watuhumiwa wakabidhiwe, haukuridhiwa, na badala yake mkataba wa Lausanne wa 1923 ukaja pamoja na tamko la msamaha. Talat alipigwa risasi Berlin Machi 1921 na Soghomon Tehlirian, kijana wa Kiarmenia, na baraza la wazee wa mahakama ya Ujerumani likamwachia huru.

Na mkiuliza kusema au kukana kuna adhabu gani, inategemea nchi. Uturuki kifungu cha 301 cha sheria ya jinai kinaadhibu kulidhalilisha taifa, miezi sita mpaka miaka miwili, na kilimpata Hrant Dink, mhariri Mwarmenia wa Istanbul, halafu tarehe 19 Januari 2007 akauawa kwa risasi mlangoni kwa gazeti lake. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuadhibu wanaokana, Baraza la Katiba likaifuta Februari 2012. Usichukue adhabu ya nchi moja ukaitangaza kama ya dunia nzima.

Nimalizie na kile kitendo cha tano, watoto, maana mwalimu mmoja aliniuliza kama kilitokea kwa Waarmenia. Kilitokea. Pale Antoura, Lebanon, Cemal Pasha yule yule, aliyekuwa kamanda wa Osmani eneo la Syria, alifungua kituo cha yatima, mamia ya watoto wa Kiarmenia wakapewa majina ya Kituruki na namba, na kuongea Kiarmenia ilikuwa ni kuchapwa. Wengine waliokolewa: mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye ndiye Haile Selassie, alikuta yatima wa Kiarmenia Jerusalem wakipiga tarumbeta, akawachukua vijana arobaini kwenda Addis Ababa wawe bendi ya serikali. Kiongozi wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa himaya ya Ethiopia, ukapigwa mpaka miaka ya 1970. Waethiopia waliwaita Arba Lijoch, watoto arobaini. Majina yao ya Kiarmenia walibaki nayo.