“Utaunga tu, kaka”: dhana potofu kuhusu mwendelezo katika filamu za wanafunzi

Mimi ni mhariri wa filamu, na wiki hii wamekuja kwangu wanafunzi watatu. Wa kwanza ana diski iliyofungwa kwa raba, wa pili ana simu yenye kioo kilichopasuka, wa tatu hana kitu mkononi kwa sababu video zake zote zipo WhatsApp, zimebanwa hadi uso wa mwigizaji unafanana na uji. Wote wanafanya lile zoezi ambalo walimu wa filamu hupenda kulianzia: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno machache. Dakika mbili, tatu. Nilipowauliza iko wapi shoti (kipande cha video kilichopigwa bila kusimamisha kamera) ya katikati, ile ya kuunganisha nyingine mbili, wote walinijibu vilevile: “Utaunga tu, kaka.”

Nimechoka na jibu hilo, na mengine kama hilo kuhusu mwendelezo, yaani shoti tofauti kuonekana kama tukio moja lisilokatika.

“Tukikosea kushuti, mhariri atarekebisha”

Anayejua jikoni anajua kuunga ni nini. Mboga imekwisha kuchemka, unatia nazi, inakolea. Lakini chungu kitupu hakiungwi. Mhariri naye anaunga kilichomo ndani ya kadi ya kamera, na kisichomo hakimo.

Nichukue mlango wa binti mmoja kati ya hao watatu. Alileta shoti mbili. Ya kwanza imepigwa koridoni: kijana anatembea, anafika, anaweka mkono kwenye kitasa, na hapohapo inasikika sauti ya binti mwenyewe, “Kata!” Ya pili imepigwa chumbani: mlango tayari uko wazi, kijana keshaingia, mkono uko mfukoni. Nikazilaza pamoja kwenye taimlaini, ule mstari wa programu ya kuhariri unaopanga shoti kwa mfuatano, nikabonyeza. Mkono kwenye kitasa, mkono mfukoni. Nikarudisha, nikabonyeza tena. Binti akakunja uso.

“Mbona amerukia ndani?”

Hajaruka, dada. Wewe ndiye uliyemrusha.

Binti alikuwa ameshaamua kichwani kwamba mkato, yaani pale shoti moja inapoipisha nyingine, utakuwa kwenye kitasa, basi akasimamisha kamera kwenye kitasa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani shoti hupangwa kama matofali, moja inapoishia nyingine inaanzia. Sivyo. Shoti hupandana kama mabati ya paa. Bati moja hulalia jingine, ndiyo maana mvua haipiti.

Mkato mzuri wa mlango hufanyika mkono ukiwa kazini, katikati ya tendo. Jicho la mtazamaji linaufuata mkono, na wakati linaufuata, wewe umeshahamisha kamera upande wa pili wa ukuta bila yeye kushtuka. Ila ili nipate mkato huo, tendo lazima liwe limepigwa zima pande zote mbili. Koridoni: anafika, anashika, anazungusha, anasukuma, anaingia, mlango unajifunga. Chumbani: mlango umefungwa, kitasa kinazunguka, unafunguka, anaingia, anapiga hatua mbili zaidi. Hapo tendo la shoti moja linalalia la nyingine kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, hizo ni fremu 37 za kuchagua. Mimi hupenda kukata kitasa kinapoanza kuzunguka, wengine husubiri mlango uwe robo wazi. Tuwe na cha kubishania, basi. Binti alinipa fremu sifuri.

Kuna anayesema, kwani tukionyesha mlango mara mbili kuna ubaya gani? Hilo lilishafanywa. Mwaka 1903 Mmarekani Edwin Porter alitengeneza filamu fupi ya wazimamoto, na tukio la kumwokoa mama na mtoto akalionyesha lote kutoka ndani ya chumba, kisha akalirudia lote kutoka nje. Baadaye ikapatikana nakala ambayo mtu aliikata upya, ndani na nje vikipishana, na kwa muda mrefu wanahistoria wakampa Porter sifa ya mkato ambao hakuufanya. Mwaka 1903 watazamaji walikuwa bado hawajauzoea mkato wa katikati ya tendo. Mtazamaji wa leo amezaliwa ndani yake, ukimrudishia mlango atadhani simu imekwama.

Dawa yangu ni ile ile kila mwaka. Mwongozaji akishasema “Haya”, mwigizaji ahesabu tano kimoyomoyo ndipo aanze. Akimaliza, ahesabu tano tena ndipo useme “Kata”. Na kila kona ya kamera ipige tendo lote, mwanzo hadi mwisho, hata kama unajua utatumia sekunde mbili tu. Mtaniambia kadi itajaa. Haijawahi kujaa kwa sababu ya mlango. Hujaa kwa sababu mlipiga selfi za nyuma ya pazia siku nzima.

Jambo jingine ni daftari. Kila kikundi kinachonijia kina wapiga picha wanne na hakuna hata mmoja mwenye kalamu. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuandika tu: mkono upi umeshika kitasa, kikombe kilikuwa na chai kiasi gani, begi lilikuwa bega lipi, neno gani lilikuwa mdomoni aliponyanyua kikombe. Asishike kamera, asishike taa. Mwenye kazi hiyo ndiye atakayeniokoa mimi, na mimi ndiye nitakayewaokoa ninyi.

Mlango ukishindikana kabisa, nasikia lile la mwisho: “Basi weka disolvu.” Disolvu ni picha moja kufifia huku nyingine ikijitokeza juu yake, na humwambia mtazamaji kwamba muda umepita. Kwa hiyo kijana ameshika kitasa, muda ukapita, yuko ndani. Alikuwa anafanya nini mlangoni muda wote huo?

“Mstari wa nyuzi 180 ni sheria ya darasani tu”

Ni adabu kwa mtazamaji. Watu wawili wako mezani, chora mstari kutoka jicho la mmoja hadi jicho la mwingine, kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Huyu atatazama kulia kwa skrini, yule kushoto, na bongo zetu zitaamini wanatazamana hata kama mmoja alipigwa Jumatatu na mwingine Alhamisi. Ukivuka mstari bila kuaga, wote wawili watatazama upande mmoja kama abiria wanaosubiri daladala.

Kuvuka kunaruhusiwa. Kamera inaweza kuzunguka ndani ya shoti ileile tukaona inavuka. Mwigizaji anaweza kuinuka akahamia upande mwingine, mstari ukahama naye. Au weka katikati shoti iliyo juu ya mstari wenyewe, usoni kabisa, ndipo uvuke. Nisichokubali ni kuvuka kwa sababu upande wa pili kulikuwa na ukuta uliopakwa rangi nzuri.

“Mwendelezo ni nguo na hereni”

Nguo ndiyo rahisi, maana mama mwenye nyumba mlimoshutia ataliona kosa kabla yangu. Wanaosahaulika ni jua na feni. Jua huhama nyuzi 15 kwa saa. Mkianza mazungumzo ya dakika moja saa tatu asubuhi, mkala chapati, mkagombana, mkamaliza saa tisa alasiri, kivuli cha dirisha kimeshatoka ukuta mmoja kikaenda mwingine. Huyu anauliza asubuhi, yule anamjibu alasiri. Pigeni kwanza shoti zote zinazoliona dirisha, nyuso za karibu ziachwe baadaye, hizo naweza kuzidanganya kwa taa.

Feni ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Tuseme wawili wa mezani ni Asha na Juma: upande wa Asha feni ilikuwa inazunguka, upande wa Juma mliizima kwa sababu mtu alilalamika. Kila nikikata naisikia: vuuu, kimya, vuuu, kimya. Hata picha zikiungana kama maji, sikio litahesabu kila mkato. Zimeni feni, vumilieni jasho, na kabla hamjaondoka rekodini dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wamesimama bila kukohoa. Dakika hiyo naitandaza chini ya mazungumzo yote. Halafu nitamwacha Asha aendelee kusikika wakati tayari tunauona uso wa Juma, na hapo hata mkato wangu wa wastani utaonekana wa fundi. Sijui kwa nini hakuna anayeniletea dakika hiyo. Hailipiwi.

“Kamera kali itamaliza matatizo”

Haitamaliza. Simu inatosha kwa zoezi hili, mradi muinyime uhuru wa kujiamulia. Fungeni mipangilio yake ya mwanga, fokasi (ukali wa picha) na rangi, la sivyo itabadilisha rangi ya ukuta katikati ya sentensi. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hucheza mkizidisha au kupunguza ovyo. Na msinitumie kwa WhatsApp.

“Hiyo ni staili”

Naipenda hii kwa sababu huja baada ya kosa, kamwe si kabla. Shoti mbili za mtu yuleyule zimepigwa karibu mahali palepale, ukiziunga kichwa kinashtuka kama mtu aliyepigwa kwikwi. Nikiuliza, nasikia jina la Jean-Luc Godard, mwongozaji wa sinema za Kifaransa. Ni kweli, Godard aliruka hivyo mwaka 1960, tena kwa kukusudia na filamu nzima. Wewe umeruka mara moja, mezani, kijana akiomba sukari. Kama hukusudii, hamisha kamera angalau nyuzi 30 na ubadilishe ukubwa wa shoti, toka pana uje karibu. Badiliko dogo ndilo linaloonekana kosa, kubwa linaonekana uamuzi.

“Mwendelezo ukikosekana, shoti haifai”

Huu ni ugonjwa wa wanafunzi bora, wale wenye daftari. Mmoja alitaka nitupe shoti ambayo mwigizaji wake, msichana asiyewahi kuigiza, alinyamaza kabla ya kujibu na midomo ikamtetemeka. Sababu? Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, kwenye shoti pana kilikuwa kulia. Nikakataa. Mhariri Mmarekani Walter Murch aliwahi kuvipangia vigezo vya mkato uzito wake: hisia 51 kwa mia, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho lilipo 7, ubapa wa picha (nani yuko kulia au kushoto kwa skrini, ndimo ulimo ule mstari wa nyuzi 180) 5, na mwisho kabisa nafasi halisi ya watu na vitu chumbani, 4. Sipimi kwa rula yake, lakini mpangilio naukubali. Watu waliutazama mdomo wa yule msichana. Tumeionyesha filamu mara tatu na hakuna aliyetaja kikombe.

Mtaniambia najipinga, nimepiga kelele kuhusu kitasa halafu nasamehe kikombe. Kitasa hakikuwa na uso juu yake. Pale mlangoni hakukuwa na hisia ya kumshika mtazamaji, kulikuwa na mtu anayeingia chumbani tu, na kuingia kwenyewe hakukuwemo.

Yule binti wa mlango alirudi Jumamosi. Ameupiga mara sita, koridoni na chumbani, mzima kila upande, na kila shoti imeanza kwa tano za kimya. Nikafurahi hadi nilipoona rangi. Mwenye nyumba ameupaka bluu. Shoti zake zote za mezani, zile za wiki iliyopita, zina mlango wa kahawia nyuma ya bega la Juma. Jumapili wanarudia meza. Nimemwambia aje na daftari, na amwombe mwenye nyumba asiguse kuta.