"Nakifunga Rasmi Kikao": Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ulimi Unaoteleza

Katika kikao cha kamati ya harusi nilichohudhuria hapa Dodoma, mwenyekiti, ambaye jioni hiyo alitoka kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na kuja moja kwa moja bila kupitia nyumbani, alisimama, akatusalimu, kisha, badala ya kukifungua kikao, akatamka kwa sauti nzito kwamba anakifunga rasmi. Watu walicheka, naye akacheka na kujisahihisha. Lakini mzee mmoja wa upande wa bibi harusi hakuliacha neno lipite, akasema "lililo moyoni ulimi huiba", na tangu hapo hadi orodha ya michango ilipomalizika kusomwa ilikuwa imekubalika ukumbini kwamba mwenyekiti hakutaka kuwapo. Huenda kweli hakutaka. Ninachobisha ni kwamba neno moja lililoteleza halikutosha kumhukumu, na kwamba wengi wetu, tukidhani tunafuata saikolojia, huamini kuhusu makosa haya mambo ambayo hata aliyeyapatia umaarufu hakuyasema.

"Ulimi ukiteleza, ukweli umetoka"

Kosa la mwenyekiti wetu lina ndugu yake mashuhuri. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, rais wa baraza la chini la Bunge la Austria alifungua kikao kwa kutangaza kuwa kimefungwa, na watu wawili wa jiji lilelile la Vienna wakalieleza kosa hilo kwa njia mbili. Sigmund Freud, daktari wa mishipa ya fahamu, aliona kwamba kiongozi huyo hakutarajia jema lolote katika kikao kile na alitamani kiwe kimekwisha. Mwanaisimu Rudolf Meringer, ambaye mwaka 1895 alikuwa amechapisha pamoja na daktari Carl Mayer mkusanyiko wa makosa ya kusema na kusoma, alitazama jambo lililo karibu zaidi: maneno yenye maana kinyume hukaa jirani akilini, na anayenyoosha mkono kuchukua moja huweza kuokota la pili.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kumsikiliza Meringer, kwa kuwa lugha yetu imeuweka ujirani huo waziwazi katika umbo la vitenzi. Funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua: shina ni moja, na kinachogeuza maana ni kipande kidogo cha mwisho, ambacho ulimi wenye haraka hukiruka au kukiongeza pasipohitajika. Tena kama kosa la namna hii lingekuwa matamanio matupu, lingekwenda upande mmoja tu, kuelekea kule mtu anakotamani. Nami nimekwisha kumsikia mshereheshaji akitangaza "sala ya kufungua" saa tano usiku, wakati wote tulikuwa tumeshika mikoba na funguo na hakuna aliyetaka chochote kianze upya.

Wanaisimu waliokusanya makosa haya kwa wingi wanakadiria kosa moja hivi katika kila maneno elfu moja, kiasi ambacho ni kidogo mno ukikumbuka kwamba mtu huzungumza kwa wastani maneno mawili hadi matatu kwa sekunde, akiyachagua miongoni mwa maelfu mengi anayoyajua. Victoria Fromkin wa Marekani alionyesha mwaka 1971 kwamba makosa yenyewe yana utaratibu, yaani hata anapokosea mtu hutii sarufi ya lugha yake. Tega sikio nyumbani kwako. Aliyekusudia kusema "kikombe changu kiko kwenye kabati lako" akateleza, atasema "kabati langu liko kwenye kikombe chako". Hatasema "kabati changu kiko". Nomino zimebadilishana viti, lakini upatanisho wa ngeli umebaki sahihi, jambo linaloonyesha kwamba sentensi huandaliwa kwa hatua na kwamba majina hupangwa kabla ya viambishi vyake. Hapo hakuna siri ya moyoni. Ni hitilafu ya muda mfupi katika ufundi wa hali ya juu.

"Mgombea amesema 'nipeni kula', kumbe anataka kula!"

Huu ni mzaha mtamu wa msimu wa uchaguzi, na sina nia ya kuuharibu. Hata hivyo, lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na mtu aliyekua na lugha kama hiyo atasema "kula" akimaanisha kura leo, kesho na mwaka ujao. Kuteleza ni kukosea kile ambacho kwa kawaida unakipatia. Matamshi ya kudumu ni lafudhi, na lafudhi haifichui nia ya mtu yeyote.

"Wazo hili lililetwa na Freud"

Methali ya yule mzee haikungoja Vienna, na wasomaji wa Biblia wanakumbuka kutoka Luka 6:45 kwamba kinywa cha mtu hunena yale yaujazayo moyo wake. Hata hivyo, Freud hakurudia tu maneno ya wazee. Methali inamzungumzia mtu anayelijua lililo moyoni mwake na kujitahidi kulificha, kisha likaponyoka. Freud alidai jambo zito zaidi: kwamba lipo eneo la nafsi ambalo mwenyewe halijui, lile ambalo wahakiki wetu wa fasihi huliita ung'amuzi bwete, na kwamba matakwa yaliyozuiwa huko hujipenyeza nje kwa njia ya kusahau jina, kupoteza ufunguo au kusema neno lisilokusudiwa. Tunapomcheka mwenyekiti kwa sababu tunajua amechoka na anataka kwenda kulala, tunaifuata methali, si Freud.

"Freud alisema kila kosa lina siri, na siri ni mapenzi"

Kitabu chake juu ya makosa ya kila siku kilitoka kwanza kama makala katika jarida mwaka 1901, kikawa kitabu mwaka 1904, na kikaendelea kunenepa kwa mifano toleo baada ya toleo. Humo mna mapenzi, lakini mna pia kiburi, pesa, wivu wa kikazi na kifo. Kuhusu kusahau majina, aliandika kwamba upo usahaulifu wa kawaida na upo unaosukumwa na jambo lililokandamizwa; hakuufuta ule wa kwanza. Pia hakutosheka na kosa peke yake. Alimtaka aliyekosea aseme kila kinachomjia akilini kuhusu neno lile, bila kuchuja, ndipo atafute maana, wakati sisi tunatoa hukumu kabla mtu hajafunga mdomo.

Alikuwa pia na jibu kwa wanaosema kwamba chanzo ni uchovu tu. Anayesema hivyo, kwa maoni yake, anafanana na mtu aliyeporwa saa gizani mahali pasipo watu, kisha akaenda polisi kulalamika kwamba ameibiwa na giza na upweke: giza lilisaidia, lakini mwizi yupo. Mfano ni mzuri, na yeyote aliyewahi kupita usiku kwenye mtaa usio na taa anauelewa. Udhaifu wake ni kwamba unachukulia kuwa wizi umekwisha kuthibitishwa. Saa inaweza kuwa imeanguka.

Kwa kweli ushahidi wa Freud ulidhoofika pale pale alipouona kuwa na nguvu. Kijana mmoja aliyesafiri naye alikuwa akikariri mstari wa Kilatini wa mshairi Virgil akaliruka neno "aliquis". Kwa kufuata mawazo ya kijana hatua kwa hatua, Freud alifika kwenye hofu yake kwamba mwanamke fulani alikuwa amepata mimba yake. Mwaka 1974 mwanafilolojia wa Italia, Sebastiano Timpanaro, aliyezoea kuchunguza makosa ya wanakili wa maandishi ya kale, alijibu kwamba mstari ule una muundo usio wa kawaida, kwamba "aliquis" ndilo neno ambalo maana inaweza kusimama bila lenyewe, na kwamba kijana angeliruka neno jingine lolote la mstari huo, mawazo yake bado yangemfikisha kwenye hofu ileile, kwa kuwa ndiyo iliyomjaa. Nakubaliana na Timpanaro. Mtu mwenye deni, hata ukimwanzisha na neno "zabibu", atafika kwenye deni.

"Basi makosa hayana maana yoyote"

Wanaomkataa Freud wakati mwingine huvuka mpaka wa pili. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani Michael Motley na Bernard Baars waliwapa wanaume jozi za maneno yaliyopangwa hivi kwamba sauti za mwanzo zikibadilishana huzaa maneno mengine. Baadhi walifungwa waya na kuambiwa huenda wangepigwa shoti ya umeme. Wengine walisimamiwa na mwanamke aliyevaa mavazi ya kuvutia. Waliohofia shoti waliteleza zaidi kuelekea maneno ya umeme, na wale wa pili kuelekea maneno ya mvuto wa kimapenzi. Kilicho akilini, basi, kweli huusukuma ulimi. Lakini angalia kilichothibitika: watu hawa walijua fika wanachokiwaza. Methali ya mzee wetu imepata ushahidi. Ung'amuzi bwete bado unausubiri.

Hata juhudi za kujizuia zina mchango wake. Daniel Wegner na wenzake walipowaambia watu mwaka 1987 wasimwaze dubu mweupe, dubu aliwajia tena na tena. Kijana aliyeonywa njia nzima asitaje shamba lile mbele ya mama mkwe anajua mwisho wa hadithi.

"Akikuita kwa jina la mwingine, ndiye anayemwaza"

Bibi anayetaja majina ya wajukuu watatu kabla ya kufikia la aliye mbele yake hana mjukuu kipenzi aliyemficha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba majina hubadilishwa hasa ndani ya kundi moja la uhusiano, mtoto kwa mtoto na ndugu kwa ndugu, na kwamba sauti zinazofanana huongeza kosa. Katika familia hizo hata jina la mbwa liliingia katika foleni. Wanandoa, najua, hawatapokea ukweli huu kwa urahisi.

Mikono nayo huteleza kwa kanuni iliyo karibu na hiyo. Aliyehama hapa Dodoma kutoka mtaa wa Kikuyu kwenda Nkuhungu akajikuta amepanda daladala ya zamani hakumbuki nyumba ya kwanza kwa uchungu. Mazoea yalishika usukani wakati mawazo yako kwingine. Mwanasaikolojia James Reason wa Uingereza, aliyetumia miaka mingi kuchunguza makosa ya aina hii, alivutwa na somo hilo baada ya kujikuta akitia chakula cha paka kwenye birika la chai.

"Anayechanganya maneno ameanza kuchanganyikiwa"

Hapa mjini mzaha wa "apelekwe Mirembe", yaani hospitali yetu ya magonjwa ya akili, hutolewa haraka mno, ilhali kuteleza kwa kawaida si ugonjwa wa akili. Lipo kosa moja tu lisilostahili kicheko wala tafsiri: mtu aliyekuwa akizungumza vizuri, ghafla maneno yanamtoka bila mpangilio, au hapati neno kabisa, pengine uso ukipinda upande mmoja au mkono ukilegea. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi, na wapo waliodhaniwa kuwa wamelewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na inapofaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitali aiangalie saa kabla ya kutoka nyumbani, maana jambo ambalo daktari atataka kulijua mapema ni wakati maneno yalipoanza kuharibika.