Je, wajua kwa nini muuguzi humtaka mama ampakate mtoto kabla ya kumgusa?

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye homa na kikohozi hospitalini, iwe ni Moshi au Arusha, anaweza kushangazwa na jambo dogo. Badala ya kumchukua mtoto na kumlaza kitandani ili ampime, muuguzi aliyefundwa vema huvuta kiti, humwomba mama aketi na kumpakata mwanawe, kisha hukaa kimya akikitazama kifua cha mtoto bila hata kumgusa. Walio kwenye foleni huanza kunung'unika kwamba sista anapoteza muda, ilhali kazi imekwisha kuanza, na huenda hiyo dakika moja ya ukimya ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote.

Katika dakika hiyo muuguzi anahesabu pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya watoto humtaka mhudumu ahesabu kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au yule wa mwaka mmoja ambaye hajatimiza mitano anayepumua mara 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa anapumua haraka, na ikiwa ana kikohozi, hiyo ni dalili mojawapo ya nimonia. Tofauti kati ya pumzi 38 na 46 yaweza kuamua kama mtoto atarudi nyumbani na ushauri tu au atapewa dawa ya kuua bakteria. Mtoto anayelia hatoi hesabu ya kuaminika, kwa maana kilio chenyewe hubadilisha upumuaji, na hata kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua, ambako ni dalili ya hatari, hakuonekani sawasawa mtoto anapojirusharusha. Ndiyo maana muuguzi huyo akisikia kilio kinaanza huacha, humsubiri mama ambembeleze au amnyonyeshe, kisha huanza kuhesabu upya.

Kwa hiyo upole wa muuguzi wa watoto si hisani anayoiongeza juu ya kazi akipata nafasi. Ni sehemu ya vipimo na ya tiba. Woga huibana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na watu watatu ni mgumu zaidi kuwekewa kanula, yaani kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, kuliko yule aliyeegemea kifua cha mama yake. Mtoto ambaye njia yake ya hewa imevimba hutumia oksijeni nyingi zaidi anapolia, na kwa sababu hiyo wauguzi hukatazwa kumtenga na mzazi au kumlaza chali kwa lazima. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba mtoto mdogo ashikwe na mzazi au mlezi wake, kwamba anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake, na kwamba chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Hapa sisi wazazi hatuna budi kukiri kosa letu, maana mara nyingi kazi ya muuguzi tunaiharibu kabla hatujafika getini. Ni nani kati yetu hajawahi kusikia, au kusema, "Ukilia, daktari atakuchoma sindano"? Mtoto wa miaka mitatu au minne bado huamini kwamba baya likimpata ni kwa sababu amekosea, na anapofika wodini akamwona mtu mwenye sare na bomba la sindano, anachokiona ni adhabu iliyoahidiwa. Kosa la pili ni kumdanganya kwamba haiumi, kwa kuwa sindano ya kwanza itaufichua uongo huo, na kuanzia hapo hatamwamini mama wala sista. Wauguzi wazoefu husema ukweli mfupi kwa sauti ya chini: itauma kidogo, mama atakushika, halafu itakwisha.

Yaelekea msomaji anaona ni jambo la kawaida kabisa mama kulala na mtoto wodini. Haikuwa hivyo kila mahali. Nchini Uingereza, hadi katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa wiki, na nyingine ziliwazuia kabisa, kwa hoja kwamba mama akija mtoto hulia na akiondoka hulia zaidi. Mtoto aliyekaa siku kadhaa bila kumwona mama akanyamaza alihesabiwa kuwa amezoea. James Robertson, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi pamoja na daktari wa akili John Bowlby jijini London, aliutilia shaka ukimya huo. Mwaka 1952 aliwaonyesha madaktari filamu aliyompiga msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Ilionekana humo kwamba mtoto hazoei bali hukata tamaa: kwanza hupinga na kulia, kisha hunywea, na hatimaye hujitenga hata na mzazi anayekuja kumtembelea. Madaktari wengi walikasirika na kudai wamekashifiwa. Hata hivyo, mwaka 1959 kamati ya serikali ya nchi hiyo ilipendekeza kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote na kwamba pafanywe mipango ya akina mama kulazwa pamoja na watoto wadogo. Jambo ambalo bibi zetu wa Kibosho na Meru wangelishangaa hata kuulizwa, wenzetu walihitaji filamu na kamati ili kulikubali.

Ushahidi mzito zaidi umetoka karibu na kwetu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulifanyika katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida, ambapo mtoto huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, baada ya hali yake kutengemaa. Kundi jingine liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na ili jambo hilo liwezekane, vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, mahali ambapo awali mama alikuwa mgeni wa kuja kunyonyesha na kutoka. Watoto hao walikaa kifuani kwa takriban saa 17 kwa siku. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0, ilhali katika kundi la huduma ya kawaida walifariki asilimia 15.7. Kilichobadilika hapo kilikuwa hasa mahali alipo mama na muda anaokaa na mwanawe.

Kumweka mama wodini, hata hivyo, hakutoshi ikiwa hakuna anayesema naye. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea watoto kutoka kanda yote ya kaskazini, na katika vitanda vinavyopakana unaweza kumkuta mama anayezungumza Kichaga, mwingine Kipare, mwingine Kimaasai na Kiswahili cha kuokoteza. Muuguzi akimweleza huyo wa mwisho kipimo cha dawa kwa haraka, atatikisa kichwa kwa heshima na hatakuwa ameelewa. Dawa ya hilo ni kumwomba arudie maelezo kwa maneno yake, au kumtafuta shangazi au jirani wa kitanda anayezijua lugha zote mbili. Namna ya kuita nayo ina uzito wake. "Mama wa kitanda namba sita" ni mtu wa kuamrishwa, ilhali "Mama Neema" ni mtu anayeweza kuuliza swali, na swali hilo laweza kuwa ndilo litakalofichua kwamba mtoto hajakojoa tangu jana.

Yote haya hudai muda, na muda ndio unaokosekana pale muuguzi mmoja anapowahudumia watoto wengi kwa zamu moja. Lawama nyingi tunazowatupia wauguzi wakali zingefaa kwanza kuelekezwa kwenye idadi yao. Lakini kumwita mtu kwa jina hakuchukui muda zaidi ya kumwita kwa namba.

Mahali penye mtihani mkubwa kuliko wote ni pale mtoto anapofariki. Muuguzi anayeijua kazi yake hampi mama habari hiyo kwenye korido wala kupitia kwa mtu mwingine. Humtafutia faragha, humsubiri au humwita ndugu wa karibu, huketi naye, na husema neno "amefariki" bila kulizungusha, kwa kuwa mama aliyeambiwa "hali imebadilika" huendelea kungoja. Baadaye humwacha ampakate mwanawe kwa muda anaoutaka kabla ya taratibu nyingine kuanza, kama alivyompakata siku ya kwanza pumzi zilipokuwa zikihesabiwa. Na katika mazungumzo yote ya saa hiyo, hata ya kujaza fomu, hasemi "mwili". Anasema Neema.