Nusu-maisha: saa kutowaka si mionzi kuisha

"Hiyo ishakufa, haiwaki tena, haina neno." Ndivyo anavyoambiwa mtu akipeleka kwa fundi hapa Mombasa saa ya mkononi ya marehemu babu yake, ile ya zamani yenye tarakimu zilizopakwa rangi ya mionzi ili ziwake gizani. Waliosoma kidogo huongeza: "Nusu-maisha yake imepita." Hapo ndipo wanapoharibu.

Nusu-maisha ni muda unaochukua nusu ya atomi zenye mionzi kuvunjika. Basi. Haipimi umri wa saa wala mwanga wake. Na ikipita mara mbili, kitu hakijaisha: imebaki robo, kisha thumni, na kuendelea.

Rangi ile ya kuwaka gizani ilikuwa na vitu viwili. Kimoja ni radiamu, metali yenye mionzi waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Cha pili ni salfaidi ya zinki, unga unaotoa mwanga wa kijani unapopigwa na mionzi. Kwa hiyo kinachowaka ni zinki, si radiamu, na baada ya miaka ya kipigo zinki huchakaa. Mpigaji yupo na nguvu zake, ngoma ndiyo iliyopasuka. Nusu-maisha ya radiamu hiyo ni miaka 1600 hivi: saa iliyopakwa mwaka 1955 ingali na kama asilimia 97 ya radiamu yake, iwake isiwake.

Tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi iliyochukua nafasi yake kuanzia miaka ya 1960, ni habari nyingine. Nusu-maisha yake ni miaka 12 na kitu, kwa hiyo saa ya 1965 imebakiwa na asilimia tatu hivi. Hiyo ukisema imekufa, sikubishii sana. Mara nyingi utaona herufi T ndogo kandokando ya neno SWISS, chini ya 6. Saa ya kabla ya hapo, yenye tarakimu za rangi nene iliyogeuka kahawia, ichukulie ni radiamu.

Kioo kikiwa kizima, mionzi ya alfa, ile inayozuiwa kirahisi, haitoki. Ya gama, iliyo kali zaidi kupenya, hutoka, ila saa moja mkononi si jambo la kukukosesha usingizi. Balaa ni vumbi la rangi hiyo likiingia mwilini. Nimemwona fundi akibandua mfuniko kwa kisu, akapuliza kwa mdomo uso wa saa uliokuwa ukimomonyoka, kisha akaendelea na kitumbua chake. Wasichana waliopaka saa kule New Jersey, Marekani, miaka ya 1920 walichongoa brashi kwa midomo. Radiamu ikawaingia mifupani, kwa kuwa mwili huidhania kalsiamu, na taya zikawaoza.

Kwa hiyo, mafundi wangu, msiifungue bila sababu, msiikwangue, msiipulize. Iliyopasuka kioo itieni kwenye mfuko wa kufunga, mnawe mikono. Mwenye nyingi asizirundike kwenye droo ya chumba cha kulala, maana radiamu huzaa radoni, gesi ambayo nayo ina mionzi. Na mteja akiuliza, mwambieni tu rangi ndiyo iliyochoka.